Kuiga mchoro wa gwiji ni shule, si wizi

Mzazi akimkuta mwanawe siku nzima ameinamia mchoro wa mtu mwingine akiuiga, huenda akadhani kijana anapoteza wakati, au mbaya zaidi, anajifunza udanganyifu. Asimkemee. Kwa anayejifunza kuchora kwa rangi za mafuta, hiyo ndiyo shule ya zamani. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walifunzwa hivyo: mwanafunzi alinakili kazi za mabwana wake kwanza, zake zikafuata.

Eastlands haina uhaba wa wenye vipawa. Kikundi cha wachoraji cha Brush Tu, kwa mfano, kilianzishwa Buruburu mwaka wa 2013. Lakini si kila kijana wa Kaloleni, Umoja au Kariobangi aliye na karo ya chuo. Kwake, picha nzuri iliyochapishwa yaweza kuwa mwalimu.

Picha ya kuanzia

Johannes Vermeer, Mholanzi aliyeishi kati ya 1632 na 1675, alichora “Mmimina Maziwa” karibu mwaka wa 1660. Mchoro huo umo katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam. Ni mdogo, sentimita 45 kwa 41 hivi, kwa hivyo nakala yake yatosha juu ya meza ya nyumba ya chumba kimoja.

Mtumishi wa kike amesimama jikoni akimimina maziwa. Mkate uko mezani, dirisha liko kushoto, na ukuta una misumari na matundu kama kuta zetu nyingi.

Tazama ukuta huo. Tunasema ni mweupe, lakini chini ya dirisha umeingia kivuli, na upande wa kulia unang’aa. Kisha mtazame mama: upande wake unaopata mwanga umewekwa mbele ya ukuta wenye giza, na upande wake wa giza mbele ya ukuta wenye mwanga. Ndiyo sababu anaonekana kusimama chumbani hasa, si kubandikwa ukutani. Mtu huyaona haya vizuri anapolazimika kuyachora.

Kazi yenyewe

Tumia hadibodi au kitambaa cha marekani, lakini kipake kwanza rangi nyeupe ya msingi, kwani mafuta huozesha kitambaa kitupu. Gawa picha na ubao wako kwa miraba iliyo sawa kwa idadi, uhamishe mistari mraba kwa mraba.

Anza kwa rangi moja ya kahawia, ukitenganisha giza na mwanga tu. Ikikauka, ndipo ulete manjano, buluu na nyekundu. Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo, za juu zaidi, la sivyo mchoro utapasuka. Usiharakishe, tabaka moja huchukua siku kadhaa kukauka.

Tahadhari! Tapentaini isikaribie jiko, na madirisha yawe wazi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Kuuza je?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya mchoraji hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Vermeer yuko nje ya muda huo; jirani yako mchoraji hayuko. Na hata ukimnakili Vermeer, andika nyuma ya mchoro kwamba ni nakala, kisha utie jina lako mwenyewe.

Ukimaliza, weka picha hiyo kando. Mketishe mama au dada karibu na dirisha asubuhi, akimimina chai kutoka kwenye sufuria, uchore ulichofunzwa. Mcheza kwao hutunzwa, na mwanga uliomwangukia yule Mholanzi huanguka Kaloleni pia.