Siku ya Mshahara na Utulivu wa Moyo

Wasomaji wetu wakaao Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho waijua vema jioni ya mwisho wa mwezi. Kodi ya nyumba yadaiwa, karo yangojwa, na kutoka shamba imekuja habari kwamba ng'ombe yu mgonjwa. Mwenye mshahara huketi kitandani akihesabu, wala hana neno la kumwambia mkewe.

Taabu hii si mpya. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilionyesha kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa imepimwa kwa haja za mtu mseja, ikashauri ipimwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Tangu hapo mengi yamebadilika, lakini mfuko mmoja bado wangojwa na mikono mingi.

Tufanyeje basi? Kwanza, hesabu ifanywe pamoja na mke kabla ya mshahara kufika, si baada yake. Pili, ndugu aambiwe ukweli: "Mwezi huu naweza kiasi hiki." Neno hilo huumiza siku moja; ahadi ya uongo huumiza mwaka mzima. Tatu, kila mtu ajiwekee saa yake ya kupumzika, iwe ya kwaya, ya mpira, au ya kukaa kimya tu.

Kusaidia jamaa ni heshima yetu, wala hatuiachi. Lakini baba arudiye nyumbani na hasira kila jioni, hata akitoa fedha zote, watoto wake wamepungukiwa.