Utepe Unaorudisha Nuru: Faida Yake kwa Mkulima Barabarani

Wakulima wengi wa maskimu ya Kinangop hupeleka kabeji, karoti na viazi Nairobi usiku, ili mzigo ufike soko la Kangemi au Marikiti kabla hakujapambazuka. Mzigo hutoka shambani kwa gari la punda au kwa trela la trakta, ukapakiwa katika lori kando ya barabara kuu, kisha ukapita Limuru, Rironi, Kikuyu na Uthiru hadi kuingia mjini kwa Waiyaki Way. Mahali pengi pa safari hiyo hapana taa, na upande wa Limuru ukungu ni jambo la kawaida. Hatari kubwa ya mkulima hapo ni kutoonekana.

Makala haya yaeleza kitu kidogo kinachoweza kupunguza hatari hiyo. Ni utepe unaong'aa mbele ya taa za motokaa, ambao madereva wengi huuita rifleta.

Hesabu ya dereva

Sheria ya Kenya haimruhusu dereva wa lori kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo lori hupita mita 22 kila sekunde moja. Hesabu wanayofundishwa madereva wa Uingereza yasema kwamba motokaa ndogo yenye mwendo kama huo, breki zikiwa nzuri na barabara ikiwa kavu, huhitaji mita 53 tangu dereva aone hatari mpaka isimame. Lori lenye mzigo huhitaji zaidi, na barabara ikiwa na maji huhitaji zaidi tena.

Sasa fikiri gari la punda lisilo na taa, mbao zake zimekolea vumbi na matope. Dereva aliyeinamisha taa zake kwa sababu ya motokaa inayokuja mbele yake huenda asilione mpaka amelikaribia kuliko hizo mita 53. Hata akiwa dereva hodari asiyelewa, nafasi ya kusimama hana tena. Lakini gari hilo hilo likiwa na utepe mzuri nyuma yake, laweza kuonekana kutoka mita 150 na zaidi. Dereva amepata sekunde sita za kufikiri, na sekunde hizo ndizo uhai wa watu.

Jinsi unavyofanya kazi

Kila mfugaji amewahi kumulika zizi usiku akaona macho ya ng'ombe yanang'aa. Macho hayo hayana moto ndani yake. Nuru ya tochi imeingia jichoni, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi kule kule ilikotoka. Utepe nao hufanya kazi kwa namna hiyo.

Si kila kitu cheupe au kinachometameta hufanya hivyo. Rangi nyeupe huitawanya nuru pande zote, kwa hiyo inayomfikia dereva ni kidogo tu. Bati jipya huitupa nuru upande mmoja, kama mpira uliogonga ukuta mshazari, na dereva hapati kitu ila akiwa ameelekeana nalo sawasawa. Utepe huirudisha kwa mwenyewe aliyeileta, hata kama amesimama upande kidogo.

Siri yake ni punje za kioo zilizo mviringo kama shanga, nazo ni ndogo mno: ukizipanga kumi kwa mstari, hazifiki upana wa milimita moja. Nuru ikiingia katika punje hupindwa na kukusanywa nyuma yake, ambako pana ngozi nyembamba ya madini inayometa kama kioo cha kujitazamia. Hapo hugonga, ikapindwa tena, ikatoka kwa njia ile ile. Aina nyingine ya utepe haina punje, bali ina pembe ndogo ndogo za plastiki zilizopangwa kama pembe za chumba. Mpira ukiutupa katika pembe ya chumba, hugonga kuta na kukurudia wewe uliyeutupa.

Ulitoka wapi

Mwaka 1902 watu watano wa mji wa Two Harbors, katika jimbo la Minnesota, Marekani, walianzisha kampuni ya Minnesota Mining and Manufacturing, ambayo leo yajulikana kwa jina fupi la 3M. Walitaka kuchimba jiwe gumu la kunolea, lakini jiwe walilopata halikuwa lile walilolidhania, wala halikufaa kwa kazi hiyo. Basi wakageukia kutengeneza msasa.

Msasa ni punje kali zilizobandikwa juu ya karatasi kwa gundi. Mwaka 1921 kampuni ikatoa msasa usioharibika kwa maji. Mwaka 1925 mfanyakazi wake, Richard Drew, akabuni utepe wa kuwasaidia wapaka rangi wa motokaa, na mwaka 1930 utepe mwangavu wa kufungia karatasi. Hivyo mafundi walikuwa wamejifunza vema kazi moja, ya kubandika vitu vidogo vikae sawasawa wala visibanduke. Motokaa zilipozidi barabarani, Harry Heltzer na wenzake wakabandika punje za kioo mahali pa zile punje kali. Alama ya kwanza ya barabarani iliyovikwa karatasi hiyo ilisimamishwa Minnesota mwaka 1939.

Leo viwanda vingi vya nchi mbalimbali hutengeneza vitu vya namna hii. Ukipita Kangemi na Westlands usiku, tazama mbao za alama zinavyowaka taa zikizifikia. Nchini Kenya, sheria tangu mwaka 2012 yamtaka mwendesha pikipiki na abiria wake wavae koti lenye kurudisha nuru.

Namna ya kuuchagua na kuutumia

Utepe huuzwa katika maduka ya vipuri, kama yale ya barabara ya Kirinyaga katikati ya Nairobi. Usiuchague kwa kuutazama mchana, maana ulio bora huweza kuonekana wa kijivu tu. Uweke mahali penye kivuli, rudi nyuma hatua ishirini, kisha umulike kwa tochi ya simu ukiishika karibu na jicho lako. Tochi ikiwa kiunoni hutaona vizuri, kwa kuwa nuru hurudi penye tochi. Ule usiowaka sana ni plastiki ya rangi tu, usiununue.

Weka mwekundu nyuma ya gari, mweupe mbele, na wa manjano ubavuni. Usiubandike juu ya mbao zenye vumbi au unyevu. Pigilia kwanza kipande cha bati safi, kikauke, ndipo uubandike juu yake. Uweke mahali ambapo magunia na majani ya mifugo hayataufunika. Punda naye afungwe ukanda wenye utepe shingoni.

Uoshe kwa maji na sabuni kila unaporudi kutoka safarini, kwa sababu matope yakifunika utepe nuru haipiti. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, wala usiupake vanishi. Na trela likiharibika njiani, weka pembetatu za hatari mbele na nyuma, mbali na lilipo.

Utepe hauchukui nafasi ya taa. Ukungu mzito huupunguza nguvu, na dereva asiyewasha taa zake hawezi kuuona kabisa. Mwenye trakta atengeneze taa zake kwanza.

Bunda moja la utepe latosha magari mengi ya punda. Kwa hiyo yafaa wanachama wa ushirika wanunue pamoja, wagawane, na siku ya mkutano wayakague magari yote kwa tochi, jua likisha kutua, kabla ya msimu wa kuvuna viazi.