Ujira wa Saa, Kodi ya Mwezi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kigeni Nchini Ujerumani

Ujira wa kazi ya muda hupanda na kushuka kwa kadiri ya saa alizofanya mtu kazi. Kodi ya pango haifuati saa hizo. Hudaiwa kwa ukamilifu mwanzoni mwa kila mwezi. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa upangaji, mwanafunzi anashauriwa kuipima kodi kwa saa za kazi, si kwa euro peke yake.

Kiasi cha kazi kinachoruhusiwa

Tangu Machi 2024, mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili, au nusu siku 280, kwa mwaka. Anayevuka kiwango hicho huhatarisha kibali chake cha ukaazi. Hivyo basi, upungufu wa kodi hauwezi kuzibwa kila mara kwa kuongeza zamu.

Mfano wa hesabu

Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Tuchukue chumba cha euro 430 kwa mwezi, pamoja na maji na joto. Kodi hiyo ni sawa na saa 34 za kazi. Anayefanya kazi saa 10 kwa wiki hufikisha saa 43 hivi kwa mwezi, yaani euro 551. Akishalipa kodi, husaliwa na euro 121 za chakula, nauli na bima ya afya, ambayo ni ya lazima. Katika mwezi wa mitihani, akipunguza kazi hadi saa 5 kwa wiki, atapata euro 276 hivi. Atapungukiwa na euro 154 hivi za kodi kabla hajanunua hata mkate.

Kwa sababu hiyo, ujira uhesabiwe kuwa nyongeza, si nguzo. Ziada inayopatikana wakati wa likizo iwekwe akiba kwa ajili ya miezi ya mitihani, na akiba hiyo isipungue kodi ya mwezi mmoja.

Mambo ya kukagua katika mkataba

1. Kodi inayotajwa. Kaltmiete ni kodi ya chumba pekee. Warmmiete hujumuisha gharama za joto na huduma nyingine. Uliza pia kama umeme na intaneti vimo.

2. Amana. Kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi.

3. Notisi. Katika mkataba usio na kikomo, mpangaji kwa kawaida hutoa notisi ya miezi mitatu. Aliyekosea kuchagua chumba cha ghali hawezi kukihama kesho yake.

4. Ada ya utangazaji. Mwaka 2025 ilikuwa euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, si kwa kila mtu. Wanaoishi pamoja wagawane.

5. Malipo ya mapema. Usitume fedha kwa mtu anayedai yuko safarini na kuahidi kukuletea funguo kwa posta. Kione chumba kwanza, au mtume unayemwamini akakione.

Kodi inapokushinda

Usinyamaze. Mpangaji anayekosa kulipa kodi ya miezi miwili mfululizo aweza kuvunjiwa mkataba bila notisi. Mwandikie mwenye nyumba kabla ya tarehe ya malipo, ukitaja kiasi utakacholipa na siku utakayomaliza, kisha uhifadhi nakala ya barua na majibu yake. Nenda pia katika ofisi ya ushauri ya Studierendenwerk, taasisi ya huduma za wanafunzi katika miji ya vyuo, ambayo pia husimamia mabweni. Anayefika huko akidaiwa mwezi mmoja bado ana nafasi ya kukinusuru chumba chake. Anayengoja wa pili huenda akawa amechelewa.