Gitaa Linapolia Bila ya Kupigwa

Na Mwandishi Wetu

MPENZI yeyote wa muziki wa dansi anaifahamu karaha hii. Bendi imeshika kasi, ukumbi umejaa, mwimbaji amefika penye ubeti mtamu. Mara unazuka mlio mkali kama wa king'ora, nao unazidi kupanda hadi watu wanaziba masikio. Mpiga solo anageuka kuitazama spika yake, fundi mitambo anakimbilia vizungusho, na utamu wote wa wimbo umekwisha.

Wengi hudhani kwamba vyombo vimeharibika. Aghalabu sivyo. Vyombo vinafanya kazi yake barabara, ila vimepangwa vibaya au vimefunguliwa sauti kupita kiasi. Kwa kuwa vijana wengi hujifunza gitaa la umeme katika vyumba vidogo vya nyumbani, na jirani yuko nyuma ya ukuta, yafaa jambo hili lieleweke na mpigaji na jamaa zake pia.

SAUTI INAYOJIZUNGUKA

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kinasa mtetemo, yaani kile kipande chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi ukitikisika, kinasa hutoa umeme hafifu. Amplifaya huukuza umeme huo, na spika huugeuza kuwa sauti. Lakini sauti hiyo haiishii kwa wachezaji. Sehemu yake humrudia mpigaji, ikagonga ubao wa gitaa na nyuzi zake, zikatikisika tena. Kinasa hunasa mtetemo huo mpya, amplifaya huukuza, spika huutoa. Kila mzunguko ukirudi na nguvu zaidi ya uliotangulia, na mawimbi yakirudi kwa mpango mmoja na yale ya kwanza, mlio hupanda wenyewe mpaka amplifaya ifike ukomo wa nguvu zake.

Mtaalamu wa Denmark, Søren Larsen, aliyeishi kati ya mwaka 1871 na 1957, ndiye anayehusishwa na ugunduzi wa kanuni hiyo. Ndiyo sababu hadi leo wanamuziki wanaotumia Kifaransa huuita mlio huo larsen.

Watengenezaji wa magitaa nao wamehangaika nao kwa miaka mingi. Magitaa ya kwanza ya umeme yaliyopata umaarufu, kama Gibson ES-150 la mwaka 1936, yalikuwa na tumbo wazi kama gitaa la kawaida, na tumbo hilo hupokea sauti ya spika kama ngoma. Mwaka 1958 kampuni hiyo hiyo ilitoa ES-335, ambalo katikati ya tumbo lina gogo la mbao lililojaa ili kupunguza mtetemo. Gitaa lililopewa jina la Lucille, lililotengenezwa kwa ajili ya B.B. King mwaka 1980, liliachwa bila ya matundu usoni kwa sababu hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba wako walioupenda mlio huo. The Beatles waliuweka makusudi mwanzoni mwa wimbo wao I Feel Fine mwaka 1964, na Jimi Hendrix aliufanya kama ala ya pekee. Tofauti ni moja: wao waliuita ukaja, wakauambia nenda ukaenda. Kwa wengi wetu huja bila ya kuitwa.

KWANZA JUA CHANZO

Kabla ya kutafuta dawa, chunguza ugonjwa. Mlio ukianza, funika nyuzi zote kwa kiganja. Ukinyamaza, chanzo ni nyuzi. Uzito wa mlio ukibaki, tena ukavuma kwa sauti nene, chanzo ni tumbo la gitaa. Ukibaki mwembamba na mkali kama filimbi, yaelekea waya wa ndani ya kinasa umelegea na unatikisika wenyewe. Kisha punguza kabisa sauti kwenye gitaa: mvumo ukiendelea vile vile, kosa halimo katika gitaa bali katika kebo, amplifaya, au umeme wa ukumbi.

DAWA ZISIZO NA GHARAMA

Dawa ya kwanza ni miguu. Usisimame mbele ya spika yako huku uso wa gitaa umeielekea. Simama kando, au geuka. Mlio wenye mitetemo 1,000 kwa sekunde una mawimbi ya urefu wa sentimita 34 hivi, kwa hiyo hata hatua moja yatosha kuuvuruga mpango wake.

Dawa ya pili ni mkono. Nyuzi usizozipiga zizuie kwa kiganja, na kati ya wimbo na wimbo punguza sauti ya gitaa.

Dawa ya tatu ni kupunguza ukwaruzaji wa amplifaya, kwa maana kadiri unavyoongezwa ndivyo hata mnong'ono unavyokuzwa. Kama mlio ni mnene, punguza besi. Kama ni mwembamba, punguza sauti za juu. Siku hizi zipo mashine zinazoutafuta mlio na kuukata peke yake, lakini hazisaidii kitu kwa mtu aliyesimama mahali pabaya.

Mwenye gitaa la tumbo wazi aweza kuziba matundu yake kwa kitambaa au sponji. Kinasa kilicholegea huzamishwa katika nta iliyoyeyushwa ili waya ushikamane. Kazi hiyo mwachie fundi: nta huwaka moto, na joto likizidi huharibu kinasa chenyewe.

MASHINDANO YA SAUTI

Dansi letu, tangu enzi za NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, limejengwa juu ya magitaa yanayojibizana. Ndipo penye hatari. Solo akiongeza sauti ili ajisikie, rithimu naye huongeza, besi hafuati nyuma, na mwishowe maikrofoni ya mwimbaji hufunguliwa mpaka nayo inapiga mluzi. Katika ukumbi wenye kuta za saruji na paa la bati, kila sauti hurudi mara mbili.

Dawa yake ni mapatano. Amplifaya iinuliwe juu ya kiti au iinamishwe imwelekee mpigaji masikioni, maana ikikaa chini humpiga magotini naye hudhani haitoshi. Spika za waimbaji ziwe mbele ya maikrofoni, si nyuma yake. Vyombo vijaribiwe mapema, wote wakipiga pamoja.

Faida yake si utamu wa muziki tu. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi inashauri kwamba sauti ya desibeli 85 isisikilizwe zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu, na bendi hupiga usiku kucha. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa sikio lenyewe ndilo linalouawa.

USIKATE WAYA WA TATU

Liko kosa moja lisilo na msamaha. Mvumo unaotoka katika umeme ukisumbua, wapo wanaokata waya wa ardhini, ule wa tatu katika plagi. Mvumo huweza kunyamaza kweli, lakini kinga ya mpigaji imeondoka. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alipigwa na umeme jukwaani mjini Swansea, Wales, alipoigusa maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhini. Alikufa.

Basi mzazi ambaye mwanawe anajifunza gitaa asimkataze, bali amkague: plagi ina pini tatu na waya zake zote? Kebo haijachubuka? Amplifaya haikuelekezwa ukutani kwa jirani? Naye kijana ajizoeze kupiga kwa sauti ndogo, kwa sababu katika sauti ndogo kila kosa la kidole husikika, na hapo ndipo hurekebishwa.