Rege kwa Watu Walioogopa Rasta (Sehemu ya 3)

Katika sehemu iliyopita tulimzungumzia Bob Marley na albamu yake Survival ya mwaka 1979. Kabla ya kuendelea, lipo jambo lisilofichika: hapa Walungu, Kivu Kusini, jina la Rasta liliwahi kumaanisha kifo. Kundi la wapiganaji waliofuga rasta, wengi wao wakiwa wamejitenga na waasi wa Rwanda wa FDLR, lilikuwa likitoka msituni kuteka wanawake, kupora na kuua. Mei 2007, watu walipouawa usiku huko Kaniola, lawama ziliwaangukia haohao. Mama aliyekimbia Kaniola ana haki ya kuzima redio rege inapoanza.

Ndiyo maana leo nachagua albamu inayogusa chanzo cha vita kama hivyo: Françafrique ya Tiken Jah Fakoly, mwana wa Odienné nchini Kodivaa. Ilitoka mwaka 2002, ikiwa imerekodiwa Kingston katika studio ya Tuff Gong, chini ya usimamizi wa Tyrone Downie, mpiga kinanda wa Marley. Wimbo uliobeba jina la albamu hauishii kulilia vita. Unawashutumu wanaotuuzia silaha huku wakipora mali yetu, chini ya siasa ya Ufaransa barani Afrika iitwayo Françafrique.

Wimbo huo unatuhusu sisi pia, ingawa tulitawaliwa na Ubelgiji. Mei 1978 askari wa Ufaransa walishuka Kolwezi kwa miavuli, na utawala wa Mobutu ukapona. Juni 1994 Ufaransa ikaanzisha Operesheni Turquoise kusini-magharibi mwa Rwanda. Wauaji wa kimbari wengi walipitia humo, wakiwa wamechanganyika na wakimbizi, wakavuka Ruzizi hadi Bukavu. Kwao ndiko ilikochipuka FDLR, na ndani ya FDLR wakatoka Rasta wa misitu yetu. Wakati wote huo dhahabu ya Mukungwe na kasiteriti ya Nzibira hazikukosa wanunuzi. Oktoba 2002, mwaka uleule wa albamu, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitaja makampuni 85 waliyoona yamekiuka kanuni za biashara nchini Kongo.

Hata hivyo, wimbo ninaouthamini zaidi ni Le pays va mal. Humo Fakoly anageukia nyumbani kwake, kwa wanaowagawa wananchi kwa kabila na dini. Septemba mwaka huo vita vikaikata Kodivaa vipande viwili, naye akaishia uhamishoni Bamako. Bila wimbo huo, albamu ingewalaumu wageni tu, na viongozi wetu wangeicheza kwa raha mikutanoni.

Vijana wa Walungu na Bukavu mnaopiga rege, imbeni nani anapima madini Nzibira, nani anatoza pesa vizuizini, nani analeta risasi. Sehemu ijayo itamhusu Lucky Dube na albamu yake Victims ya mwaka 1993.