Waya isiyo na shaba: namna vijana wanaunganisha sauti mu ordinatere

Sisi watu wa huku tunajua waya tangu mwanzo wake. Mawe yanatoka mu shimo, yanavunjwa, yanasagwa, yanayeyushwa, na mwisho shaba inavutwa kuwa waya ile inapeleka umeme mu nyumba za watu wa mbali. Lakini kuko waya ingine, ile vijana wanavuta usiku ku ordinatere, na ndani yake hamuna shaba hata gramu moja. Ni mustari wa rangi tu ku ekrani. Hata hivyo inapeleka sauti, na ukiing'oa, muziki unanyamaza palepale.

Mzazi anaweza kuuliza: ile ni kazi ao ni muchezo? Na kijana akiomba franga za kununua mashini ya muziki, tumujibu nini? Leo tueleze ile waya ni nini, inafanya kazi namna gani, na kitu gani cha kujaribu mbele ya kutoa franga.

Ilianza na waya za kweli

Mu mwaka wa 1964, ku Marekani, Robert Moog alitengeneza pamoja na mwanamuziki Herbert Deutsch mashini ya kuzaa sauti kwa umeme: sintetizeri. Mu miaka ileile, Don Buchla alikuwa anatengeneza yake ku California. Mashini zao hazikuwa kitu kimoja kilichofungwa. Zilikuwa visanduku vingi, moduli, na kila moduli ina kazi yake moja tu. Moja inazaa sauti, moja inaichuja, ingine inaipandisha na kuishusha. Kusudi zifanye kazi pamoja, mutu alizifunga na waya fupi zenye fishi ku ncha mbili, sawa zile wafanyakazi wa telefone ya zamani walitumia kuunganisha watu wawili waongee.

Mu 1968, Wendy Carlos alitoa diski ya muziki wa Bach iliyopigwa ku mashini ya Moog, na watu wengi wakajua ile sauti mupya. Lakini mashini yenyewe ilikuwa bei kali, haikuwa ya kila nyumba. Hata leo, moduli nyingi za kweli zinauzwa mamia ya dola, na moja peke yake haitoshi kutoa muziki.

Njo maana watu wakafikiri: kama ordinatere inajua kuhesabu, kwa nini isihesabu kazi ya kila kisanduku? Mu miaka ya 1980, ku Paris, mu IRCAM, ile nyumba ya Ufaransa inayochunguza mambo ya sauti na muziki, Miller Puckette aliandika programu inaitwa Max. Mu ile programu unaweka visanduku ku ekrani na kuviunganisha na mistari. Kisha, mu miaka ya 1990, akaandika ingine, Pure Data, ya bure. Mu mwaka wa 2000, kampuni ya Propellerhead ya ku Uswidi ilitoa Reason: ukifinya kitufe cha Tab, kabati la mashini linageuka, unaona mugongo wake na waya zote zinaninginia. Na mu 2017, Andrew Belt alitoa VCV Rack, yenye toleo la bure, ile inafanana kabisa na kabati la moduli za kweli.

Ndani ya waya muko nini?

Ndani muko hesabu tu. Ukivuta waya kutoka mulango wa kutokea wa moduli A mpaka mulango wa kuingilia wa moduli B, programu inaandika neno moja mu kumbukumbu yake: «kile kinatoka huku, kipelekwe kule». Kisha, kwa mfano mara 44 100 kila sekunde, inahesabu kazi ya kila moduli na kupeleka namba kutoka A mpaka B. Mbele ya kufika ku bafle, hesabu hizo zinageuzwa umeme, kisha bafle inautoa kama sauti ile sikio linasikia.

Ule mustari unaoninginia ni picha ya kutusaidia sisi. Mu VCV Rack unaweza kuukaza, kuulegeza, ao kuufanya ukaribie kupotea ku macho, na sauti haigeuki hata kidogo. Rangi pia haigeuzi kitu. Lakini fundi muzuri anachagua rangi moja kwa sauti na ingine kwa amri, sawa fundi umeme anavyofanya, kusudi kesho asipotee mu kazi yake mwenyewe.

Ile programu inahesabu mu volti, hata kama hamuna umeme wa kweli mule. Ukiongeza volti 1, noti inapanda oktavu moja. Kitufe kikifinywa, amri inapanda mpaka volti 10. Kikiachwa, inarudi ku 0. Fundi umeme wa mu mine atasoma hayo bila shida.

Tufunge waya ya kwanza

Mawe hayaendi mu tanuru mbele ya kuvunjwa. Sauti nayo iko na njia yake. Mu VCV Rack, weka moduli sita: ile inasoma vitufe, VCO ya kuzaa sauti, VCF ya kuchuja, VCA ya kupima nguvu, ADSR ya kusema sauti ianze na kuisha namna gani, na Audio ya kupeleka ku bafle.

Kwanza njia ya sauti: VCO iingie mu VCF, VCF iingie mu VCA, VCA iingie mu Audio. Ni waya tatu. Kisha njia ya amri: kutoka moduli ya vitufe, waya ya V/OCT iende ku VCO kusudi ijue noti gani, waya ya GATE iende ku ADSR kusudi ijue kitufe kimefinywa, na kutoka ADSR waya iende ku VCA, mu mulango wa CV. Ni waya tatu tena. Vitufe vya ordinatere yenyewe vinaweza kupiga noti, haulazimishwe kununua klavie.

Kama hakuna sauti, usianze kubomoa yote. Fuata njia toka ku bafle ukirudi nyuma, mulango kwa mulango, mpaka fasi sauti ilipokatikia. Ni namna ileile fundi anatafuta fasi umeme umekatika.

Ukikosea waya, hakuna kitu kinaungua ndani. Hatari iko inje: waya moja mubaya inaweza kutoa kelele kali ya rafla, kuumiza masikio na kupasua bafle. Shusha sauti kwanza, njo ufunge. Na kama umevaa kaske, ukumbuke masikio hayana ya kubadilisha.

Neno kwa wazazi

Tuseme wazi: waya za ku ekrani hazilipishwe, hata ukifunga mia. Lakini moduli zinachosha ordinatere, na ile ya zamani sana inaweza kukwama ao kutoa sauti ya kupasukapasuka. Ujaribu kwanza na moduli chache. Intaneti inahitajika siku ya kuteremsha programu. Kisha inatumika bila intaneti. Delestage nayo haiombi ruhusa, kwa hiyo kijana azoee kuhifadhi kazi yake kila mara.

Njo shauri letu: mbele ya kununua mashini yoyote, mwache mutoto afunge ile njia ya waya sita mbele yenu, kisha ang'oe moja na kueleza kwa nini sauti imenyamaza ao imegeuka. Kama anaweza kueleza, iko anajifunza kazi: kuzaa sauti kwa ajili ya studio, ya kanisa, ya filamu, ya matangazo. Kama anarudilia tu yale aliona ku video, bado ni muchezo, na franga zingojee. Asifukuzwe ku ordinatere kwa sababu hiyo. Apewe siku zingine na aulizwe tena.

Na akina baba wa mine wasione kama ile kazi haiwahusu. Waya ya ku ekrani haina shaba, ni kweli. Lakini mashini inayoihesabu imejaa shaba ndani, na mu betri za ordinatere mingi muko kobalti, ile Kongo inatoa zaidi ya nusu yake mu dunia nzima. Mutoto akifinya kitufe cha kwanza na sauti ikatoka, mumueleze na hayo pia.