Senema na Adabu ya Kuficha

Katika miji ya pwani yetu, tangu Zanzibar hata Mombasa, watu wamezoea kuihukumu filamu kwa mizani tatu: stelingi ni nani, adui amekufaje, na nyimbo ni ngapi, na mizani hizo, ijapokuwa wasomi huzidharau, si mbovu, kwani zaonyesha wazi kilichomtoa mtu kwake jioni akalipa kiingilio. Mimi huongeza ya nne, nayo ndiyo nitakayoitumia hapa bila ya upendeleo: je, mwongozaji amethubutu kutuficha nini, akatuachia sisi wenyewe tukitafute? Maana filamu isemayo kila kitu aghalabu husahaulika kabla mtu hajafika nyumbani.

Tuanze na Sholay ya Ramesh Sippy, ya mwaka 1975. Wengi humsifu Amjad Khan kwa kumcheza Gabbar Singh, na ama kwa hakika adui wa namna ile hajazaliwa tena katika picha za Kihindi. Lakini hikima ya filamu hiyo imo katika shali ya Thakur. Mzee huyo huonekana muda mrefu amejitanda shali yake kwa haiba, nasi hatujiulizi neno; hata siku ya mapigano, bunduki imelala miguuni pake naye haiinui, twamkasirikia kwa uoga wake, mpaka tunapohadithiwa yaliyopita, upepo ukaipeperusha ile shali, tukaona kuwa mtu hana mikono. Kwa tendo hilo moja nimeisamehe urefu wake wa saa tatu na zaidi, na hata ile ngoma ya Basanti juu ya vigae vya chupa, ambayo ningeipunguza nusu.

Mwenye kutaka kuuona ufundi wa kuficha ukifikishwa ukomo wake na aitazame The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, ambayo Waarabu huiita Ar-Risala. Ilipigwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila moja na wachezaji wake, hata Hamza mmoja ni Anthony Quinn na wa pili ni Abdullah Gaith. Kwa kuwa haijuzu kumwonyesha Mtume wala kuisikilizisha sauti yake, kamera yenyewe imewekwa mahali pake: watu huielekea, huisemesha, kisha hunyamaza wakisikiliza jawabu tusilolisikia. Mafundi wa filamu walio huru kuonyesha watakacho wameshindwa kuleta heshima kama hiyo iliyozaliwa na katazo. Vita vyake, lakini, ni vya kawaida.

Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, ni kisa cha mtu wa Roma aliyeibiwa baiskeli siku yake ya kwanza ya kazi, naye aliyemcheza hakuwa mchezaji bali mfanyakazi wa kiwanda. Watu hukumbuka machozi ya mwisho. Mimi hukumbuka mashuka. Mke amevua mashuka ya kitandani ayaweke rehani ili baiskeli ikombolewe, na karani wa duka la rehani anapanda rafu kwenda kuyaweka, akapanda na kupanda, mafurushi ya mashuka ya watu wengine yakifika darini. Hakuna aliyesema kuwa mji mzima umefilisika. Ndiyo hivyo tu, tukaendelea na safari.

Titanic ya mwaka 1997 ilipata Oscar 11, na saa yake ya mwisho yastahiki; mazungumzo ya wapenzi wale ningeyatosa baharini mapema. Enter the Dragon ina hadithi ya kitoto, ila Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973 kabla haijatolewa, hakuhitaji hadithi. Na hapa niwatetee wafasiri wa vibanda vya video, akina DJ Afro wa Kenya, ambao hulaumiwa kwa kuongeza maneno yasiyokuwamo: filamu iliyo hafifu hupata uhai kinywani mwao, na iliyo bora huwanyamazisha wenyewe pale inapotaka kimya.

Out of Africa ya mwaka 1985, yenye Oscar 7, ina hatia kwa mizani yangu. Milima ya Ngong imo, ndege imo, muziki haunyamazi. Walioachwa pembeni ni Wakikuyu wa shamba la bibi wa hadithi hiyo, ambao dhiki ya ardhi yao hupewa dakika chache karibu na mwisho ili bibi huyo apige magoti mbele ya gavana nasi tumpende zaidi. Sioni haya kusema kuwa Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962, yanipendeza kuliko hiyo, kwani haidai hikima yoyote: John Wayne na wenziwe wanawafukuza vifaru kwa magari, wachezaji wenyewe wamo ndani, na baina ya kifaru na kifaru hakuna hadithi ya kutajika.

Ousmane Sembène, aliyepata kuwa kuli katika bandari ya Marseille, alitoa La Noire de... mwaka 1966. Diouana, msichana wa filamu hiyo, anachukuliwa kutoka Dakar kwenda Antibes akidhani atalea watoto, kumbe ni kupika na kufua. Mbele ya mabwana hasemi ila machache, lakini sisi twayasikia mawazo yake, na Ufaransa aliyoiota haioni minghairi ya jiko na vyumba vya kusafisha. Abderrahmane Sissako naye, katika Timbuktu ya mwaka 2014, ametuonyesha vijana wakicheza kandanda bila ya mpira, kwa kuwa mpira umepigwa marufuku na wenye silaha: wanakimbia, wanapasiana, wanafunga bao, vumbi latimka, na mpira haupo.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ina picha za kupendeza mno, na Yasmin wake ana macho ya kusema. Ila imependa mnong'ono kupita kiasi, na msomaji wa kitabu ataukosa mzaha wake.

Mwenye jioni fupi na aanze na Sembène, kwani filamu yake huchukua yapata saa moja tu. Mwenye usiku mzima na achukue Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, dakika 207, lakini ale kwanza.